Nani Anamlipa Aliyeungua Mikono? Historia ya Waosha Makapeti, Kutoka Konyo Konyo

Mwezi huu zamu ya kuandika imetufikia sisi wa Konyo Konyo. Tumekubaliana tusiandike tena habari za njiani na mipakani, maana hizo mmezisoma mpaka mmechoka, na wengi wenu mmezipitia wenyewe. Tunaandika historia ya kazi yetu. Sisi ni waosha makapeti.

Tunajua baadhi yenu mmeshacheka. Kapeti lina historia gani? Hata sisi tulianza kwa kucheka. Lakini mwezi wa pili kikundi chetu kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya mikono ya mtu mmoja, na tulipotafuta kama kuna watu waliowahi kugombana kwa jambo kama hilo kabla yetu, kumbe wapo, tena tangu zaidi ya miaka mia.

Kwa wasiopajua Konyo Konyo, ni soko kubwa la Juba, upande wa mji ulio karibu na mto Nile. Mganda anauza matoke na nyanya, mtu wa Darfur anauza nguo na viatu, Mhabeshi ana duka la jumla, Mkongo ana vitenge, mama wa Kibari ana samaki wakavu na mboga. Kiarabu cha Juba kinasikika kila upande, na Kiswahili hakikosi, maana wengi walikimbilia Kakuma au Uganda wakarudi nacho. Kiangazi ni vumbi, mvua ikija ni tope. Kapeti katika mji kama huu halikai safi hata wiki. Ndiyo riziki yetu hiyo.

Kazi yenyewe si mchezo. Maji ya bomba hatuna, tunanunua kwa malori ya tangi. Dizeli ikipanda bei, maji nayo yanapanda siku hiyo hiyo. Kapeti kubwa kwanza unalitundika na kulipiga fimbo mpaka vumbi liishe, na vumbi lenyewe linaingia kifuani kwako. Halafu maji, sabuni ya unga, brashi, kusukuma maji machafu kwa ubao wa mpira, kusuuza mara tatu, kuanika. Likishalowa ni zito kama ng'ombe aliyekufa, mnalibeba watu wanne. Misikiti inatuita kabla ya Ramadhani, makanisa kabla ya Krismasi. Ofisi na hoteli hazituiti sisi moja kwa moja, zinamwita dalali, na dalali ndiye anatuita. Mkumbuke huyo dalali, tutarudi kwake.

Sasa ile mikono. Mwezi wa pili tulipewa makapeti ya ofisi moja yenye madoa ya mafuta. Tulinunua sokoni dawa ya kutoa madoa, imemiminwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala maelezo. Mwenzetu mmoja alisugua siku mbili bila glavu. Siku ya tatu ngozi ya viganja vyake ilitoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alikaa nyumbani wiki tatu. Siku ya kugawana hela, kiongozi wetu alisema, tena kwa upole kabisa, asiyeosha halipwi. Hakuwa na roho mbaya. Ndiyo sheria tuliyoizoea, na nusu yetu tuliitikia kwa kichwa. Dada mmoja akasimama akasema mikono ile iliungulia kazi yetu sote, na kama yeye halipwi basi na yeye dada hataki zake. Aliweka noti chini akaondoka. Tulikaa kimya mpaka giza likaingia.

Kutokana na hapo ndipo tulianza kusoma.

Historia ya kusafisha mazulia kama biashara kubwa ya viwanda inatupeleka Marekani, kwa mama mmoja aliyeitwa Anna. Alizaliwa mwaka 1846 huko River John, Nova Scotia, nchini Kanada, kwa jina la Anna Sutherland. Wazazi wake walihamia Marekani, jimbo la Wisconsin, naye akakulia huko. Akiwa na miaka 16 tu tayari alikuwa mwalimu. Nyinyi mnaojitolea kufundisha watoto kambini hali shule mmemaliza juzi, huyo ni mwenzenu. Akiwa na miaka 19 aliolewa na Melville Bissell, na baadaye wakafungua duka la vyombo vya udongo na sahani katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan.

Vyombo vilikuja vimefungwa ndani ya vumbi la mbao ili visivunjike. Kila wakifungua sanduku, lile vumbi linamwagika na kuingia kwenye zulia la duka, na ufagio haulitoi. Siku hizo kulikuwa na vifagio vya magurudumu, lakini vilikuwa vibovu. Melville akatengeneza chake kilicho bora, na mwaka 1876 akapata hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi. Unakisukuma, magurudumu yanazungusha brashi, brashi inarusha takataka ndani ya kisanduku. Hakuna umeme wala moto. Tuseme ukweli, hata leo Konyo Konyo kingefaa, maana umeme wenyewe ni wa kubahatisha.

Mume alivumbua, lakini aliyekiuza ni mke. Brashi zilitengenezwa kwa nywele ngumu za nguruwe, na waliozifunga ni wanawake majumbani mwao. Anna alizunguka kwao na vikapu vya nguo kukusanya walizomaliza, kisha vifaa vikaunganishwa dukani. Halafu alikwenda mji kwa mji, duka kwa duka, akiwaonyesha wenye maduka jinsi kinavyofanya kazi. Mwaka 1883 wakawa na kiwanda. Mwaka 1884 kiwanda kikaungua.

Sisi tumeona maduka yakiungua. Tunajua asubuhi yake inavyokuwa, mtu anachokora majivu akitafuta misumari ya kuuza. Anna alikwenda benki, akaomba mikopo kwa jina lake na la mume wake, na kazi ikaanza tena baada ya muda mfupi. Miaka 5 baadaye, mwaka 1889, Melville akafa kwa nimonia. Anna alikuwa na miaka 42 na watoto wa kulea. Watu wangetegemea auze kiwanda au amkabidhi shemeji. Akakaa mwenyewe kwenye kiti, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kuongoza kampuni kubwa Marekani. Aliongoza mpaka mwaka 1919, kisha akawa mwenyekiti wa bodi mpaka alipofariki mwaka 1934. Katiba ya Marekani ilipowapa wanawake wa nchi nzima haki ya kura, mwaka 1920, mama huyu alikuwa ameshaongoza wanaume kiwandani miaka 30.

Vifagio vyake vilifika Ulaya, na inasemekana hata kasri la Malkia Victoria walivitumia. Lakini hayo ya malkia tunayapita haraka. Kilichotusimamisha sisi ni kwamba Anna aliwawekea wafanyakazi wake pensheni ya uzeeni na fidia kwa anayeumia kazini, wakati ambapo mambo hayo hayakuwa ya kawaida hata kidogo.

Ili mwelewe ukubwa wake, lazima mjue sheria ya Marekani ya wakati huo ilisema nini. Mtu akikatwa vidole na mashine, alitakiwa aende mahakamani kumshtaki tajiri wake. Huko mahakamani tajiri alikuwa na majibu matatu yaliyokubalika kisheria. La kwanza, ulijua kazi ni ya hatari na ukaikubali mwenyewe. La pili, aliyesababisha ni mfanyakazi mwenzako, kamdai yeye. La tatu, na wewe ulizembea kidogo. Jibu moja tu likishika, umerudi nyumbani bila vidole na bila hela. Tulipoyasoma hayo kwa sauti tuliangaliana. Ndiyo yale yale tuliyomwambia mwenzetu. Si ulijua dawa ni kali? Si ungevaa glavu? Tulikuwa tunaongea kama mawakili wa matajiri wa karne ya 19, na mfukoni hatuna hata nauli ya boda.

Jimbo la Michigan lilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 1912 tu. Kiwanda cha Anna kilitangulia sheria. Tena alifungua nyumba mjini, ikiitwa Bissell House, iliyokuwa na mafunzo na michezo kwa vijana na kwa wanawake wahamiaji. Yaani mtoto wa wahamiaji alipata nafasi, akakumbuka wahamiaji wengine. Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, mnaona kwamba miradi ya "vijana na wanawake" haikuanza na nyinyi.

Basi tulifurahi, tukasema tumepata jibu. Kiongozi mzuri akija, mambo yatanyooka.

Mwenzetu aliyeungua mikono ndiye alitukatisha. Alikuwa amekuja kusikiliza, bado kafunga kitambaa. Akauliza, huyo mama alikuwa mwenye kiwanda, si ndiyo? Ndiyo. Basi alitoa kwa sababu alipenda kutoa. Asingependa je?

Hatukuwa na jibu, tukarudi kusoma, na mji ule ule wa Grand Rapids ukatupa jibu lisilofurahisha. Mji huo ulikuwa maarufu kwa samani, vitanda na meza na makabati, na viwanda vyake vilijaa wahamiaji, hasa Waholanzi na Wapolandi. Mwezi Aprili 1911 wafanyakazi wa samani kama 6,000 waligoma. Walitaka siku ya kazi iwe saa 9, mshahara uongezwe, na wenye viwanda wakubali kuzungumza nao kama kundi badala ya mmoja mmoja. Mgomo ulidumu kama miezi 4. Wakashindwa. Njaa iliwarudisha. Kwa hiyo mji mmoja, miaka hiyo hiyo, mfanyakazi wa vifagio ana fidia kwa sababu mwenye kiwanda chake ana moyo, na wa makabati, mtaa wa pili, hana. Bahati yako ni geti gani umeingilia.

Na sisi hapa je? Kiongozi wetu wa kwanza alikuwa mtu mwema sana. Ukiumwa anakutumia hela ya dawa bila kuuliza. Lakini hela yote ya kikundi ilikuwa kwenye simu yake, na hesabu ilikuwa kichwani mwake. Alipoondoka kwenda Uganda, simu ikaenda naye, na kichwa pia. Hatusemi aliiba. Tunasema hakuna aliyejua kilikuwa kiasi gani, hata yeye, tukimpigia anasema hakumbuki vizuri. Wema wake uliondoka na yeye mwenyewe.

Kuna mtu mwingine katika historia hii tunayempenda kuliko Anna, tusidanganyane. Lakini kwanza kichekesho kidogo. Mwaka 1901 huko London mhandisi Hubert Cecil Booth alikwenda kuona mashine mpya ya kusafisha. Mashine ilipuliza hewa kwa nguvu, vumbi likaruka, halafu likatua pale pale. Booth akauliza kwa nini isivute badala ya kupuliza. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwenye hoteli, akaweka kitambaa juu ya kiti, akaweka mdomo, akavuta hewa mpaka akapaliwa. Kitambaa kilikuwa kimeshika duara jeusi la uchafu. Ndiyo mwanzo wa mashine ya kufyonza vumbi. Ya kwanza ilivutwa na farasi, inasimama barabarani, mipira mirefu inapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kabla ya mfalme Edward VII kutawazwa. Mashine ya wafalme hiyo, si yetu.

Tunayempenda ni James Murray Spangler. Huyu alikuwa mzee wa usafi katika duka kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio. Umri ulikuwa umekwenda, na alikuwa na pumu. Kila usiku anasukuma kile kifagio cha magurudumu juu ya mazulia ya duka, na vumbi linalotoka linambana kifua. Kwa hiyo kile kifaa kilichomtajirisha mama Anna, kwa mtu aliyekishika usiku kucha kilikuwa kinamuua polepole. Si kwamba Anna alikuwa mbaya. Ni kwamba aliyekaa ofisini hakohoi.

Mwaka 1907 Spangler alichukua mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Feni inavuta vumbi, vumbi linaingia kwenye foronya. Ikafanya kazi. Alipata hati ya uvumbuzi mwezi Juni 1908, lakini mtaji hakuwa nao. Mashine mojawapo ilimfikia mama mmoja waliyefahamiana, Susan Hoover, na mume wake, William Hoover, alikuwa anatengeneza bidhaa za ngozi. Magari yalikuwa yanaanza kuondoa farasi barabarani, na biashara ya matandiko ya farasi ilikuwa inaelekea kufa. Hoover akanunua haki za mashine. Spangler alibaki anapata sehemu yake ya mauzo, lakini alifariki mwaka 1915, kabla ya kuona jina la tajiri wake likiwa neno la kawaida. Waingereza mpaka leo wakisema kusafisha zulia kwa mashine, wanataja jina la Hoover. Hakuna mahali watu wanasema wana-"spangler".

Dada yule aliyeweka noti chini alisema hapo pana somo, na hakusema somo gani. Tumeacha hivyo hivyo.

Turudi kwa dalali, maana ndiye anayetuma makapeti ya ofisi. Bei ambayo ofisi inamlipa yeye hatuijui. Bei anayotupa sisi inashuka kila kikundi kipya kikija. Mwaka jana walifika vijana wengi kutoka Sudan waliokimbia vita vya Khartoum, wakakubali kuosha kwa nusu ya bei yetu. Tuliwachukia, tuseme ukweli. Tulisema wanatuharibia soko. Baadaye tukasoma habari za Los Angeles, tukaona aibu.

Los Angeles, miaka ya mwanzo ya 1980, usafi wa majengo ya ofisi ulikuwa kazi yenye chama cha wafanyakazi, mshahara wa kueleweka na bima ya afya. Wengi wa wafagiaji walikuwa Wamarekani weusi. Wenye majengo wakaacha kuajiri wenyewe, wakatoa kazi kwa wakandarasi. Wakandarasi wakashindana kushusha bei, wakatafuta watu wasioweza kukataa. Nao walikuwepo, wakimbizi na wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala na El Salvador, ambako vita vilikuwa vinawaka. Mshahara ukaanguka, bima ikafa, chama kikabaki jina. Wazee walisema wakimbizi wametuharibia soko. Maneno yale yale, kwa Kiingereza.

Wakubwa walidhani wakimbizi wataogopa. Hawakukumbuka kwamba mtu aliyetoka El Salvador wakati ule, hasa aliyewahi kuwa kwenye chama cha wafanyakazi, alikuwa ameona wenzake wakipigwa risasi kwa sababu ya kugoma. Kufukuzwa kazi hakukumtisha sana. Chama kikabadilisha mbinu. Badala ya kugombana na mkandarasi mdogo mmoja mmoja, walikwenda kupiga kelele mbele ya majengo yenyewe, ili mwenye jengo aone aibu mbele ya wapangaji wake. Kampeni hiyo ilianzia Denver mwaka 1985, ikafika Los Angeles miaka michache baadaye. Waliita haki kwa wafagiaji.

Tarehe 15 Juni 1990 waliandamana kwa amani kama watu 400 kuelekea Century City, mtaa wa ofisi za kifahari. Polisi wakawapiga kwa virungu, wengi wakaumia, na mama mjamzito alipoteza mimba. Picha zikaonyeshwa kwenye televisheni. Ndani ya wiki chache mkandarasi mkubwa wa pale, kampuni ya Denmark inayoitwa ISS, akasaini mkataba na chama. Mwaka 1993 mji ukakubali kuwalipa waliopigwa zaidi ya dola milioni 2. Tarehe 15 Juni imebaki kuwa siku ya wafagiaji, na siku 5 baadaye, tarehe 20, ni siku ya wakimbizi duniani. Wengi wetu tunaisherehekea hiyo ya pili kwa fulana na ngoma bila kujua ya kwanza, ambayo wakimbizi waliilipia kwa mbavu zao.

Tofauti na kwa Anna ni kwamba hapa kiliandikwa kitu na pande mbili. Mkandarasi akibadilika, meneja akifa, karatasi ipo.

Hata kwetu Afrika Mashariki hatukuwa nyuma. Mombasa, tarehe 13 Januari 1947, watu kama 15,000 waliacha kazi, na hawakuwa wa bandari na reli tu. Wafanyakazi wa hoteli waliacha, na wale wa majumbani waliokuwa wakifua na kufagia kwa Wazungu na kwa matajiri wa Kihindi waliacha pia. Fikirieni, mtu wa bandarini ana wenzake elfu amesimama nao, lakini anayefagia nyumba ya mtu yuko peke yake na bosi wake anamjua kwa jina. Huyo naye alitoka. Mji ukasimama karibu wiki mbili. Serikali ikaunda tume ya kutazama mishahara, na nyongeza ikapatikana kwa wengi wao. Kijana aliyekuwa kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huo huo, akapelekwa kuishi mbali huko Baringo kwa miaka kama 10. Chama chao, kilichokuwa kimeegemea sana jina lake, hakikudumu baada ya hapo. Sisi tuliposoma hapo tulimkumbuka kiongozi wetu na simu yake. Mmoja kaondolewa kwa nguvu na mwingine kaondoka kwa basi, lakini waliobaki walibaki vile vile, hawana kitu mkononi.

Kuna msomaji atasema, nyinyi ni kumi na mmoja mna brashi na mapipa, mnajilinganisha na Los Angeles? Hapana. Na tunajua hapa sisi wageni tunatembea kwa tahadhari. Mwezi Septemba 2014 wizara ya kazi ya hapa ilitoa tangazo la kutaka mashirika, benki na hoteli zitoe wageni kazini ziajiri wenyeji. Likazua makelele, serikali ikalilegeza kwa maelezo mengine. Lakini tangu siku hiyo kila mgeni anajua kwamba tangazo linaweza kurudi. Kati yetu kuna wenyeji pia, waliokulia Kakuma, na hao ndio tunawatuma kwenda ofisi za halmashauri na sokoni kuongea. Maandamano hatufanyi. Tunachoweza ni kidogo, na tumeanza nacho.

Tumenunua daftari la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza una majina. Wa pili, kila hela inayoingia na jina la kapeti lilikotoka. Hela inakaa kwenye sanduku lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio ndugu. Dawa isiyo na karatasi hainunuliwi tena, na glavu zinanunuliwa kabla ya sabuni. Wale vijana wa Sudan tuliwafuata, tukanywa nao chai. Walituambia dalali aliwaambia sisi ndio tunaosha kwa nusu bei. Tulicheka wote, lakini si cheko la furaha. Sasa tumepatana bei moja ya chini kwa makapeti ya ofisi, imeandikwa kwenye daftari lao na letu, kwa Kiarabu na Kiswahili. Dalali bado hajaisikia.

Kilichobaki ni mikono. Tumependekeza kila kapeti lichangie kidogo kwenye sanduku, na anayeumia kazini alipwe nusu ya fungu lake mpaka apone, isizidi mwezi. Saba wamekubali. Watatu wamekataa, na si kwa ubaya. Mmoja ana watoto wanne na kodi ya nyumba, anasema akikatwa hata hicho kidogo wiki ya mvua hatakula. Mwingine anauliza tutajuaje mtu ameumia kweli na hajifanyi. Wa tatu ni kiongozi wetu mwenyewe, anasema sanduku likijaa litaleta ugomvi kuliko lilivyokuwa tupu. Hoja zao si za kipuuzi. Mwenzetu mwenye mikono hakupiga kura, alisema hataki kura yake ionekane ya kujilipa. Amerudi kazini sasa, anasuuza tu, brashi hashiki bado.

Kikao kingine ni Jumamosi saa tisa, pale penye tangi. Dada amesema atakuja, na zile noti zake bado zipo, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku, ukurasa wa tatu wa daftari, mstari wa kwanza.